Msimwite Mvivu Mama wa Gikomba

Kuna hukumu moja iliyoenea Nairobi nzima. Utaisikia redioni asubuhi, utaisikia kanisani Jumapili, utaisikia kwa mkufunzi wa jimu na kwa muuguzi anayeandika uzito wa mgonjwa huku akitikisa kichwa. Inasema kwamba mtu mnene amejitakia: anakula kupita kiasi, hapendi kujisumbua, na akiambiwa atoke akimbie kidogo hakosi kisababu. Kisha huongezwa kipande cha pili, kwamba unene ni ugonjwa wa walioshiba, wa Karen na Runda, na mtu wa Eastlands akinenepa ni dalili kwamba mambo yamemnyookea. Nasema hukumu hii ni ya uongo. Inawaangukia zaidi wanawake wanaofanya kazi kuliko karibu kila mtu jijini, na inawakinga wale wenye la kujibu.

Tuipimie Gikomba, soko la mitumba la Nairobi.

Soko huamka kabla ya jua. Robota la mitumba likikatwa saa kumi na moja alfajiri, anayetaka kamera, zile nguo za kwanza kuchaguliwa, sharti awe amesimama pale. Akichelewa ataokota kwenye fagia, yale mabaki. Kwa hiyo mama wa Kayole au Dandora huamka saa tisa usiku, hupika uji wa watoto, huwaandalia sare, kisha hutafuta matatu gizani. Akifika anainama, anachambua, anabeba mzigo au anamlipa wa mkokoteni, anapanga kibanda, anaita wateja mpaka sauti inamkauka. Jioni anafungasha, anarudi nyumbani, anawasha jiko. Huyu ndiye anayeambiwa na mtu aliyeketi studioni kwamba haushughulishi mwili.

Mwaka 2015 Wizara ya Afya na Shirika la Taifa la Takwimu walifanya uchunguzi wa STEPS nchi nzima kuhusu maradhi yasiyoambukiza na vyanzo vyake, miongoni mwa watu wa miaka 18 hadi 69. Wakenya waliokuwa hawafikii kiwango cha kuushughulisha mwili kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani walikuwa asilimia 6.5 tu. Katika uchunguzi huohuo, wanawake wenye uzito uliozidi au unene walikuwa asilimia 38.5. Ziwekeni tarakimu hizo mbili pamoja. Hata kama kila asiyejishughulisha nchini angekuwa mwanamke mnene, bado wangesalia wengi mno ambao uvivu hauwaelezi hata kidogo. Na hili ni jiji ambalo takriban safari nne katika kila kumi hufanywa kwa miguu, zikiwemo za watu wa Eastlands wanaookoa nauli kwa kupita Jogoo Road na Landhies Road.

Ushahidi mwingine uko kwa jirani. Karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, wako Wahadza wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi, na hutembea kilomita nyingi kila siku. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Herman Pontzer, pamoja na wenzake walipima nguvu ambazo miili ya Wahadza hutumia kwa siku, na mwaka 2012 wakachapisha walichokiona: ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadza hatumii kalori nyingi kuliko Mmarekani wa ofisini. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili unaotumiwa sana hubana matumizi mahali pengine. Basi wembamba wa Mhadza hauwezi kuelezwa kwa miguu yake peke yake. Chanzo lazima kitafutwe pia katika anachokula. Nisieleweke vibaya. Kuutumia mwili ni kuzuri kwa moyo, hupunguza sukari kwenye damu, hupunguza presha na humpa mtu usingizi, na hilo ni kweli hata kama mizani haisogei. Lakini kumwambia mama ambaye ameshakesha na kubeba robota kwamba dawa yake ni kukimbia Uhuru Park ni kumpa dawa ya ugonjwa asio nao.

Sasa ulafi. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2008 na 2009 ulikuta kwamba mmoja kati ya kila wanawake wanne wa umri wa kuzaa alikuwa na uzito uliozidi au unene. Mwaka 2014 alikuwa mmoja kati ya watatu. Mwaka 2022 walikuwa wanakaribia nusu. Nani atasimama mbele ya watu aseme kwamba katika miaka kumi na minne wanawake wa Kenya waligeuka walafi karibu maradufu? Nafsi ya binadamu haibadiliki kwa kasi hiyo. Na wanaume? STEPS ilikuta wanaume wenye uzito uliozidi au unene ni asilimia 17.5, chini ya nusu ya wanawake. Wanakula katika vibanda vilevile, mara nyingi sahani kubwa zaidi. Tofauti yao na wanawake iko katika maumbile, katika uzazi, na katika kazi walizogawiwa: mume anasukuma mkokoteni kutoka stendi ya Machakos, mkewe ameketi juu ya mzigo akilinda bidhaa kuanzia alfajiri hadi magharibi kwa sababu akiinuka ataibiwa au atapoteza mteja. Kuketi huko ni kazi, tena inachosha kuliko wengi wanavyodhani.

Najua nitajibiwa kwamba takwimu hizohizo zinaonyesha unene ukipanda pamoja na mali. Ni kweli, kwa hesabu ya nchi nzima matajiri bado wanaongoza, na sehemu kubwa ya sababu ni kwamba maskini wengi wa Kenya wako mashambani na maeneo ya ukame ambako tatizo ni njaa. Lakini tukiingia mitaa ya maskini mjini picha inabadilika. Watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa afya chenye makao Nairobi ambacho kimefuatilia familia za Korogocho na Viwandani kwa miaka mingi, walichapisha mwaka 2015 matokeo ambayo yangepaswa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya kaunti. Katika mitaa hiyo karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na takriban theluthi moja ya mama zao walikuwa na uzito uliozidi au unene. Mara nyingi walikuwa ni mama na mtoto wa nyumba moja: mama mnene, mtoto aliyedumaa, sufuria moja. Anayesema unene ni shibe anieleze nyumba hiyo.

Kilichobadilika ni chakula chenyewe, bei yake na mahali kinapoliwa, na hapa nataka tukae kidogo.

Mama wa mitumba hawezi kuondoka kibandani saa saba mchana kwenda kutafuta chakula, kwa hiyo chakula humfuata. Asubuhi ni chai ya maziwa yenye sukari na mandazi mawili. Mchana ni chapo madondo, au ugali matumbo, au chips zilizotiwa kwenye mfuko zikiwa bado zinachuruzika mafuta. Alasiri, nguvu zinapoisha na wateja wa kutoka kazini wanapoanza kuingia, ni smokie pasua na soda. Sioni ulafi hapo. Naona mtu mwenye shilingi chache na saa kumi na nne za kusimamia ambaye anahesabu vizuri. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, gramu ya wanga au sukari ina 4. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kinabeba kalori kama 120, ilhali gramu 100 za sukuma wiki mbichi hazifiki hata 50. Mwenye shilingi 100 anayetaka kusimama hadi jioni ananunua unga na mafuta, na angekuwa mjinga kununua kingine. Chapati imemshibisha kwa bei ambayo kachumbari, samaki na tunda haziwezi. Gharama nyingine atadaiwa baadaye.

Linalouma ni kwamba chakula kizuri kiko hapohapo. Gikomba ina soko la samaki ambalo wapishi wa nusu ya Nairobi huamkia. Omena iko. Dengu, ndengu na maharagwe ya kila rangi yako kwa magunia. Lakini omena hailiwi mbichi. Inataka maji ya kuioshea, moto, nyanya, muda, na mtu wa kuipika, na vyote hivyo mama huyu hana saa saba mchana. Maji safi sokoni ni ya kununua, na choo ni cha kulipia, tena kina foleni, kwa hiyo wengi hunywa maji kidogo kusudi. Soda inapatikana kila hatua kumi, baridi, kwa bei anayoiweza, na haimlazimu kuwa na kikombe. Chupa ya nusu lita huwa na vijiko vya chai zaidi ya kumi vya sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba ingekuwa vyema sukari ya kuongezwa isizidi vijiko sita hivi kwa siku nzima.

Na vyakula vingine vimetengenezwa kwa namna inayomfanya mtu ale zaidi bila kukusudia. Mwaka 2019 mtafiti wa Marekani Kevin Hall aliwaweka watu 20 katika kituo cha utafiti kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vya viwandani, wiki mbili vyakula vilivyopikwa kutoka vikiwa vibichi, na milo yote miwili iliwekwa mezani ikiwa na kiasi sawa cha sukari, mafuta, chumvi na nyuzi. Waliruhusiwa kula watakavyo. Walipokuwa kwenye vyakula vya viwandani walikula kalori takriban 500 zaidi kila siku, wakaongezeka uzito. Walikuwa watu walewale wenye nia ileile. Sahani ndiyo iliyobadilika. Smokie, biskuti za pakiti, juisi ya unga na soda vinavyozunguka Gikomba kwa ndoo na vitoroli ni vyakula vya kundi hilo.

Tuongeze usingizi, ambao wahubiri wa nidhamu hawautaji kamwe. Mwaka 2004 watafiti wa Chicago waliwalaza vijana wa kiume 12 wenye afya saa nne kwa usiku kwa siku mbili tu. Leptini, homoni inayouambia ubongo kwamba mwili umeshiba, ilishuka kwa asilimia 18. Grelini, homoni ya njaa, ikapanda kwa asilimia 28. Na hamu yao ikaelekea hasa kwenye vitu vitamu na vya wanga. Hizo zilikuwa siku mbili. Mama anayeamka saa tisa usiku siku sita kwa wiki, mwaka baada ya mwaka, anapigana na damu yake mwenyewe kila anapopita penye mandazi.

Tena mapigano hayo huenda yalianza kabla hajajua kutembea. Watoto waliokuwa tumboni Uholanzi wakati wa njaa ya vita ya 1944 na 1945, hasa miezi ya mwanzo ya mimba, walionekana kuwa wanene zaidi ukubwani. Katika vitongoji vya maskini vya São Paulo, Brazil, watafiti walikuta kwamba watoto waliodumaa hawachomi mafuta vizuri kama wenzao; miili yao huyaweka akiba. Mwili uliofunzwa njaa utotoni hushika kila kinachoingia. Sasa rudini kwa wale watoto wa Korogocho waliodumaa. Wengi wao ni wasichana ambao miaka ishirini baadaye watakuwa wameketi juu ya robota, na mtu atawaambia wajizuie.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi zaidi ni la jirani mwembamba. Fulani na fulani wanauza pamoja, wanakula kibanda kimoja, mmoja mnene na mwingine hajawahi kuongezeka. Si basi yule mnene ana lake? Ndiyo, analo, nalo ni urithi. Utafiti wa mapacha umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti za uzito kati ya watu wanaoishi mazingira mamoja hutokana na kurithi. Jirani mwembamba hana nidhamu zaidi, ana mwili unaoiacha sahani mapema. Miaka hamsini iliyopita wote wawili wangekuwa wembamba, kwa sababu mazingira hayakuwa yameufikia udhaifu wa yule mmoja. Na wanaofaulu kupunguza kwa kujinyima nao hupambana na kazi ambayo wenzao hawaioni. Washindani wa kipindi cha televisheni cha Marekani, The Biggest Loser, walipimwa tena miaka sita baada ya kupunguza uzito mwingi, na taarifa ikatoka mwaka 2016: wengi walikuwa wamerudisha kilo nyingi, na miili yao ilikuwa ikitumia nguvu kidogo kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Mwili ulikuwa bado unalipiza. Kwa watu hao neno "jitahidi" lilishatumika lote.

Wapo pia upande wa pili wanaotaka nimalizie hapo, niseme unene si neno, mwili mkubwa ni heshima. Nao siwakubalii. Naelewa imani hiyo ilikotoka. Watu wa rika langu waliona Ukimwi ukiwamaliza ndugu zao. Kule Rakai, Uganda, miaka ya 1980, ugonjwa huo uliitwa Slim, na kwa miaka mingi baadaye kukonda kulikuwa ni kutangaza kifo. Mtu aliyenawiri aliwapumzisha roho watu wake. Lakini hatari za unene uliopita kiasi ni za kweli, na kumficha mama huyu hatari hizo kwa kumsifia ni kumdhulumu mara ya pili.

Mafuta yanayokaa tumboni, kuzunguka ini na matumbo, ndiyo mabaya zaidi. Hufanya insulini isisikilizwe na mwili, kongosho hulazimika kutoa zaidi na zaidi, mpaka siku linashindwa na sukari inapanda. Hapo ni kisukari cha aina ya pili, na nyuma yake figo, macho, na kidonda cha mguu kisichopona. Presha hupanda kimya. Mtu anahisi mzima mpaka mkono mmoja unapokufa ganzi sokoni na mdomo unapinda. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitaja aina 13 za saratani zinazohusiana na mafuta mengi mwilini, zikiwemo ya matiti baada ya hedhi kukoma, ya mji wa mimba na ya utumbo mpana. Magoti husagika. Usiku, shingo iliyojaa hubana njia ya hewa, mtu anakoroma, pumzi inakatika, anazinduka asijue, na usingizi ambao tayari ulikuwa mfupi unakuwa mbovu pia. Mjamzito mnene ana hatari kubwa zaidi ya kisukari cha mimba na ya presha inayoweza kuishia kifafa cha mimba, na hospitali ya Pumwani, ambayo imekuwa ikizalisha wanawake wa Eastlands tangu 1926, iko umbali wa kutembea tu kutoka kwenye marobota hayo.

Kwa hiyo ugonjwa upo na unaua. Ndiyo sababu hukumu ya uvivu inanikasirisha kiasi hiki: inamfukuza mgonjwa mlangoni. Mwanamke aliyewahi kuambiwa mbele ya foleni nzima kwamba apunguze kula harudi kliniki kupimwa. Anarudi siku ya kiharusi. STEPS ya 2015 ilikuta kwamba zaidi ya nusu ya Wakenya wazima hawajawahi kupimwa presha, na karibu tisa katika kila kumi hawajawahi kupimwa sukari. Aibu haijamkondesha mtu. Imewaficha tu watu majumbani mwao na maradhi yao. Na Gikomba haikosi hata vifaa vya kuanzia: kila fundi cherehani ana tepu, na kiuno cha mwanamke kinachozidi sentimita 80, au cha mwanamume kinachozidi 94, ni sababu ya kutosha kwenda kupimwa damu, mtu awe anajiona mnene au hapana.

Wenye la kujibu ni hawa. Serikali ya kitaifa inaweza kutoza kodi kulingana na sukari iliyomo, kama Afrika Kusini ilivyofanya tangu Aprili 2018. Kule sukari ambayo watu walinunua ndani ya vinywaji ilipungua, na kampuni zenyewe zikapunguza sukari katika chupa. Kaunti ya Nairobi inaweza kuweka mabomba ya maji na vyoo vya bure sokoni, na kuwapa wapishi wa vibanda maji, kivuli na leseni rahisi, ili anayepika githeri, mboga na samaki asishindwe na anayekaanga. Kwamba inawezekana tumeshaona: tangu 2023 mpango wa Dishi na County unawapa watoto wa shule za umma chakula kilichopikwa kwa shilingi 5. Mtoto asiyedumaa leo ana nafasi bora zaidi kesho, kwa hiyo mpango huo ni kinga ya unene hata kama hakuna aliyeuita hivyo. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Haikusema chochote kuhusu chakula cha kumsimamisha mtu hadi jioni tu.

Na kuna jambo ambalo halihitaji bunge wala bajeti mpya. Kaunti inazijua njia zote za Gikomba inapodai ada. Wahudumu wa afya wapite njia hizohizo na mashine ya presha na kipimo cha sukari, kibanda kwa kibanda, mapema kabla wateja hawajajaa, wampime mama akiwa ameketi pale kwenye mzigo wake, wamwandikie tarehe ya kurudi na jina la kliniki iliyo karibu, na wasimwambie neno lolote kuhusu uvivu.